Uji Uliofika Ungali Moto

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika kwenye mafiga matatu, wakinawa mikono kabla ya kula na kupelekeana bakuli za chakula jirani kwa jirani, palikuwa na kiboko mmoja aitwaye Bwana Shomari. Sogeeni karibu. Na wewe uliyekaa nyuma, acha kumfinya mwenzio, maana nikikatishwa hapa mimi sirudii.

Bwana Shomari alikuwa mkubwa haswa. Akiingia majini, chubwi, nusu ya maji yalitoka nje kumpisha. Aliishi kwenye mto, chini ya majabali, pamoja na mkewe Bi Mwatumu na binti yao wa pekee, Tunu.

Juu ya majabali hayo aliishi jirani yao, Bi Kidawa. Huyu alikuwa pimbi. Kama hujawahi kumwona pimbi, ni mnyama mdogo wa kijivu, kimo chake hakimzidi paka, mkia hana, masikio yake ya mviringo, na maneno anayo. Maneno ndiyo hasa aliyojaliwa Bi Kidawa. Hadithi hii ni yake.

Bi Kidawa na Bi Mwatumu walishibana. Kila asubuhi Bi Mwatumu akimaliza kupika, alitoa kichwa majini akakilaza juu ya jiwe, naye Bi Kidawa akashuka akakaa karibu na sikio la shoga yake. Hapo ndipo yaliposemwa yote: nani kagombana na nani, nani kapika nini, mtoto wa nani kaota jino. Walicheka mpaka samaki wakahama upande ule.

Basi mwaka mmoja mvua zilikawia. Ukaja ujumbe kwamba mama yake Bi Mwatumu, aliyeishi mbali kule mto unakotokea, yu mgonjwa na hana wa kumkorogea hata uji. Bi Mwatumu akajifunga kanga kwenda kumuuguza. Alisema siku tatu tu.

Tunu alilia sana. Mama yake akampikia uji, akautia vijiko viwili vya asali, jambo ambalo halijapata kutokea katika nyumba ile. Akamwambia, "Kula, mwanangu. Ukiumaliza wote, nitakuwa njiani narudi." Kisha akaondoka, maji yakimfika mabegani.

Tunu aliumaliza wote. Akalamba bakuli, akainua kichwa, akautazama mto.

Siku tatu zikapita. Nyuma ya Bi Mwatumu mto ukaanza kukatika. Palipokuwa na maji pakabaki matope, palipokuwa na matope pakabaki mchanga. Mwisho likabaki dimbwi la Bwana Shomari huku, na dimbwi la mama mkwe wake huko, na katikati mchanga mtupu wa mwendo wa siku mbili, hakuna kivuli wala tone la maji. Kiboko hawezi njia hiyo. Jua humpasua ngozi, naye hufia njiani. Wote walilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyelisema.

Toka hapo Tunu akasusa kila kifungua kinywa ila uji wa asali. Baba yake alimchemshia kiazi kitamu, akakigeuzageuza kwa pua akakiacha. Alimpikia boga, akasema linanuka boga. Alimpa muhogo, akasema una nyuzi. Alimpa uji wa ulezi mtupu, akafumba kinywa, na kinywa cha kiboko kikishafumbwa hata ulete nyundo hukifungui. Lakini uji wa asali aliula wote, kila asubuhi, akalamba bakuli na kuutazama mto.

Vijiko viwili vikawa vinne. Vinne vikawa upawa mzima. Upawa ukawa nusu kibuyu. Bi Kidawa alipomwuliza Bwana Shomari kulikoni, alijibiwa kwamba mtoto hana mama hapa, je, anyimwe na asali? Aliyasema hayo huku anakoroga chungu kwa nguvu, krokro, krokro, bila kumtazama. Jina la mkewe hakulitaja. Tangu Bi Mwatumu aondoke, jina lake halikusikika tena katika nyumba ile, na Tunu alipouliza habari za mama, baba alinyoosha mkono akamwongezea asali.

Asubuhi moja watoto wenzake walikwenda kula nyasi, Tunu akabaki amelala kando ya maji, shavu limevimba. Bi Kidawa akamwambia afungue kinywa. Naam, akaingia mzima mzima, miguu na yote, akakagua. Alipotoka nyayo zake zilikuwa zinanata, na uso wake umebadilika.

Gego moja lilikuwa jeusi kabisa. Mawili mengine yalikuwa yameanza. Na nyasi za kiangazi, wanangu, si nyasi za kuchezea. Ni ngumu, kavu, za kusagwa kwa meno mazima. Kiboko asiyeweza kuzitafuna haioni masika. Bi Kidawa alijua hivyo tangu utotoni, na alimjua Tunu tangu alipozaliwa.

Akamwendea Bwana Shomari akamweleza. Bwana Shomari akakasirika, akasema asifundishwe kulea na mtu anayeweza kujificha ndani ya kiatu. Akaitwa Shangazi Tembo, mkubwa wa pande zile, atoe shauri. Shangazi Tembo akasema mtoto huyo amedekezwa, aachwe na njaa siku mbili tu, atakula hata mawe.

Wakamwacha. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita. Tunu hakulia wala hakuomba. Alilala amegeuzia uso kule mto unakotoka, akatulia tu hivyo. Alasiri baba yake akashindwa kustahimili, akaenda akammiminia asali, safari hii bila hata uji. Shangazi Tembo akaondoka ananung'unika kwamba ushauri wake unaharibiwa.

Bi Kidawa akapanda kwake juu ya majabali, akaketi jikoni.

Jikoni hapo palikuwa na kitu kilichokuwa kikimtia haya muda mrefu. Lilikuwa bakuli la udongo, la rangi ya kahawia, lenye madoa meupe pembeni. Bi Mwatumu alimletea kunde ndani yake, siku chache kabla hajasafiri. Na desturi ya pale ilikuwa moja: bakuli la jirani halirudishwi tupu. Lazima utie kitu, hata kama ni ndimu mbili. Bi Kidawa kwa ukame ule hakuwa na cha kutia, ndiyo maana bakuli limekaa kwake miezi, limefunikwa kwa kawa, kama vile lina chakula.

Akalifunua. Ndani hamkuwa na kitu, lakini akalinusa. Akamkumbuka shoga yake, kile kichwa kikubwa juu ya jiwe, na kile kicheko. Bi Kidawa aliyezoea kuwachekesha wengine akalia peke yake jikoni, akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akalia tena. Na katikati ya kulia huko ujanja ukamjia.

Asubuhi iliyofuata, kabla Tunu hajaamka, akashuka kwa Bwana Shomari amenuna.

"Shemeji," akasema, "tangu shoga yangu aondoke, sijaonja hata kijiko kutoka nyumba hii. Nimewakosea nini?"

Bwana Shomari akaona aibu ya kweli. Mwanamume mzima, miezi yote hiyo hajamjali jirani yake. Akachota uji uliokuwa unachemka, uji wa ulezi na mtama, kabla hajautia asali, kwa kuwa asali ilikuwa ya mtoto. Akampa, akaomba radhi, akaahidi kwamba kila siku atamtengea wake mapema.

Bi Kidawa akapanda nao mbio. Jikoni akaukamulia ukwaju kidogo, akautia unga wa ubuyu kidogo, akaumimina katika bakuli la madoa meupe. Akalifunika kwa kawa, akalifunga kitambaa, akajitwika juu ya ngata. Mkiona mnyama wa kimo cha paka amejitwika bakuli la kiboko mtacheka, lakini yeye hakuwa na wa kumcheka. Akashuka kwa upande wa pili wa majabali, tip, tip, tip, mpaka mlangoni pa dimbwi.

"Hodi wenyewe!"

Tunu alikuwa ameketi mbele ya uji wake wa asali, mkono mmoja shavuni. Bi Kidawa akalitua bakuli, akahema, akafunua kitambaa.

"Tunu, mama yako amekuletea kifungua kinywa."

Bi Kidawa akaeleza haraka kwamba Korongo, ambaye yeye huruka na mchanga haumhusu, amepita alfajiri akitokea kule juu, akaliacha kwake majabalini kwa kuwa alikuwa na haraka. Aliyasema bila kupumua.

Tunu akalitazama bakuli. Akamtazama Bi Kidawa, akamtazama muda mrefu kuliko Bi Kidawa alivyopenda.

"Mama amesema nini, mama mdogo?"

"Amesema ule wote."

Tunu akamgeukia baba yake, akamwuliza kama analijua bakuli lile. Bwana Shomari akalisogelea bakuli. Akasema analijua, ni la mama yake. Akasema Bi Mwatumu alilifinyanga mwenyewe kwa udongo wa ukingoni, wakati ana mimba ya Tunu, na kwamba yale madoa meupe aliyapaka kwa ncha ya pua, akapiga chafya, ndiyo maana upande mmoja yamezidi. Hakuwahi kulisimulia hilo kabla. Alipokuwa anasimulia Tunu alifungua kinywa, akala. Kijiko kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka ukabaki kidogo kwenye tako la bakuli.

Bwana Shomari akaomba aonje kilichobaki. Akaonja, akafumba macho. Machozi yakamshuka, akasema huo ndio mkono wa Mwatumu, yeye miaka yote amejaribu kupika hivyo na hajaweza.

Jamani! Uji wake mwenyewe, ameukoroga mwenyewe, umepanda mlima na kushuka mlima, umetiwa ukwaju, naye anaulilia. Bi Kidawa ikabidi ageuke, ajifanye anatafuta ngata yake.

Bakuli halirudishwi tupu, kwa hiyo Tunu akachuma ua la yungiyungi akalitia ndani, akasema ni la mama. Bi Kidawa akalichukua. Kufika kwake akaliweka dirishani, akashindwa hata kulionja, ingawa mayungiyungi ndiyo anayoyapenda kuliko chakula chote.

Mambo yakaenda hivyo kila siku. Bwana Shomari humtengea Bi Kidawa sehemu yake, sehemu hupanda juu, hushuka upande wa pili, na Tunu hula. Siku ya boga, boga likarudi limepondwa na karanga kidogo. Siku ya kiazi, kiazi kikarudi kimekatwa vipande vinavyotosha kinywani. Boga sasa halikunuka boga, wala muhogo haukuwa na nyuzi. Kila bakuli likija baba alianza, "Mama yako bwana," na habari ikatoka: siku Mwatumu alipomfukuza mamba kwa mwiko, siku alipoanguka utelezini mbele ya wakwe, wimbo aliokuwa akiuimba akiwa na usingizi. Kibuyu cha asali kikatundikwa ukutani na kuota utandu wa buibui.

Gego jeusi likang'oka lenyewe. Yale mawili yakatulia. Shavu likapungua, Tunu akarudi machungani na wenzake, akatafuna nyasi kavu, kra, kra, kra, na ukiwa juu ya majabali ulimsikia. Shangazi Tembo akaja kuonja naye. Akautia mkonga ndani ya bakuli, akatikisa kichwa, akasema alijua tu, hakuna mwanamume anayeweza kupika uji kama ule.

Kwa hiyo mdogo aliwadanganya wakubwa wote, na mtoto akapona. Mngeniuliza siku ile, ningewaambia hadithi imekwisha, mwende mkalale.

Lakini Bi Kidawa hakuwa na raha. Kila asubuhi aliketi pale anasikiliza habari za shoga yake zikisimuliwa, na kila habari ilimzidishia hamu. Kuna asubuhi alipokuwa akikamua ukwaju alijikuta anasikiliza mbawa za Korongo, ambaye hakuwahi kuja hata mara moja. Uongo aliutunga yeye, na sasa hata yeye ulikuwa unampa matumaini.

Ikafika siku moja. Bi Kidawa akashuka kuchukua sehemu yake alfajiri kama kawaida. Hakukuta moto. Alikuta chungu kimefungwa kamba, mkeka umekunjwa, vibuyu vimefungwa pamoja, na Bwana Shomari amesimama katikati ya mizigo, amechangamka kama bwana harusi.

"Shemeji," akasema Bwana Shomari, "umenikuta. Tunakwenda kwa Mwatumu."

Bi Kidawa akadhani amesikia vibaya. Akauliza wanakwendaje, na mchanga wa siku mbili uko pale pale.

Bwana Shomari akacheka. Akasema watu humwona mjinga kwa sababu ya ukubwa wake, lakini amelifikiria jambo hili siku nyingi. "Ule uji ukifika unafuka moshi. Sasa niambie, uji wa moto hutoka mbali? Mwatumu hayuko mbali. Amekwisha shuka, yuko nyuma ya ile kona ya mto, ila hajapata njia ya kumalizia. Tukitoka sasa, adhuhuri tuko naye."

Katika ujanja wake wote Bi Kidawa alikuwa amefikiria bakuli, kitambaa na maneno ya Korongo, lakini la moto hakulifikiria. Aliukimbiza uji ukiwa moto kwa sababu hakutaka mtoto ale kiporo.

Akaanza kujitetea kwa maneno. Akasema Korongo ana mbio sana. Bwana Shomari akajibu hakuna ndege mwenye mbio za kupita siku mbili kwa kufumba na kufumbua. Akasema kitambaa kile ni kizito, huhifadhi moto. Bwana Shomari akajibu amekishika, ni chepesi. Akasema basi wasubiri kesho, atamwuliza Korongo. Akasema Mwatumu mwenyewe ametuma salamu wasubiri.

"Kama anataka nisubiri," akasema Bwana Shomari, "aje aniambie yeye. Nimesubiri ya kutosha, shemeji. Sijui kama unajua kusubiri kulivyo."

Akajitwika mzigo. Akamwita Tunu. Tunu alikuwa majini, macho tu ndiyo yaliyokuwa nje, na hakutaka kutoka. Baba yake akambembeleza, akamwambia anakwenda kumwona mama, hataki? Tunu akatoka polepole, maji yakimchuruzika, akasimama nyuma ya baba yake ameinamisha kichwa. Jua likachomoza juu ya majabali. Bwana Shomari akaukanyaga mchanga, tifu, akakanyaga tena, tifu, na mtoto nyuma yake.

Bi Kidawa alijua adhuhuri watakuwa wapi. Watakuwa wamefika nyuma ya kona na kuona mchanga mwingine. Bwana Shomari atasema ni kona inayofuata. Naye hatarudi, kwa sababu mtu mwenye hamu kama ile harudi nyuma.

Akakimbia. Alikimbia kwa miguu yake mifupi mpaka akawapita, akasimama katikati ya njia, mbele ya kiboko mzima aliyejitwika nyumba yake.

"Shemeji, simama."

"Nipishe, Bi Kidawa."

"Sipishi. Nikanyage ukitaka." Akafumba macho. "Uji ule ni wako."

Bwana Shomari hakuelewa. Akauliza wake vipi, Mwatumu ameupika kwa ajili ya mtoto.

"Mwatumu hajapika kitu. Korongo hajapata kuja. Ni ule unaonipa wewe alfajiri. Naupandisha, nautia ukwaju, nauteremsha. Bakuli lilikuwa kwangu tangu siku ile ya kunde. Umefika moto kwa sababu umetoka kwako."

Mzigo ukaanguka, puu! Vibuyu vikabiringika mchangani. Bwana Shomari akafungua kinywa chake kikubwa, na Bi Kidawa akayaona meno yote, marefu kuliko yeye, akangoja. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo.

"Kila asubuhi nimemwonja mke wangu," akasema. "Kumbe nilikuwa najionja mwenyewe."

Bi Kidawa akamwambia kwamba alitaka kumwokoa mtoto, na hilo ni kweli. Kisha akamwambia kwamba naye ana hamu na Mwatumu mpaka kifua kinamwuma, na hilo lilikuwa kweli zaidi. Hakuomba asamehewe. Alibaki amesimama hapo, mchanga umeanza kumchoma nyayo.

Ndipo Tunu akasema, "Baba, mimi nilijua."

Wote wawili wakamgeukia.

"Una madonge," akasema Tunu. "Mama huukoroga unga kwa maji ya baridi kwanza, halafu ndiyo anatia motoni. Wewe unaumwaga tu kwenye maji yanayochemka. Nilijua siku ile ile ya kwanza."

Bi Kidawa akaketi chini. Hila yake yote, ngata, kitambaa, Korongo, na kupanda na kushuka, na mtoto huyu amemtazama tu akamwacha ajichoshe.

Bwana Shomari akauliza, kama alijua, kwa nini aliula? Alipoambiwa ale uji wa baba alikataa, akafumba kinywa. Ni uji ule ule.

Tunu akachorachora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Bakuli likija, wewe unamtaja mama," akasema. "Asali ikija, unanyamaza."

Bwana Shomari akamwuliza kwa sauti ya chini mbona leo hakusema, mbona alikubali kutoka majini.

"Nilitaka iwe kweli," akasema Tunu.

Jua lilikuwa limeanza kuuma. Bi Kidawa akasema warudi majini kwanza, mengine watayasema huko, na hakuna aliyebisha. Wakaokota vibuyu. Bwana Shomari aliubeba mkeka, akaubeba na mzigo wa Tunu, na walipofika kwenye dimbwi aliingia akazama mpaka masikio, akakaa humo. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Akawasha moto. Akamwomba mwanawe amwonyeshe ule unga unakorogwaje kwa maji ya baridi. Tunu akamwonyesha. Yakabaki madonge machache. Wakautia ukwaju, hawakutia asali, wakaupakua katika bakuli la kawaida la nyumbani, bila kawa, bila kitambaa, bila kumsingizia mtu. Bi Kidawa alikaribishwa akae, akakaa mbali kidogo kwa haya.

Bwana Shomari akamsogezea mwanawe uji. Tunu akautazama, akafumba kinywa. Akangoja.

Baba yake akajua anangojwa yeye. Safari hii hapakuwa na bakuli la madoa meupe wala salamu za Korongo, wala uongo wowote wa kumsaidia kuanza. Alilitazama lile jiwe tupu mkewe alipozoea kulaza kichwa. Akafuta uso.

"Mama yako Mwatumu," akasema, "hajui lini atarudi, na mimi sijui. Kila nikiamka natazama kama maji yameungana."

Tunu akafungua kinywa, akaanza kula.

Msiniulize kama mvua ilikuja, maana siku hadithi yangu inapoishia mto ulikuwa bado mkavu, na hao watatu wameketi wanakula na kumtaja aliye mbali. Mimi nimeona hivi: mtoto akisusa chakula, kabla ya kumwongezea utamu mwulize anamkumbuka nani. Chungu changu cha maneno kimekwisha, mwenye njaa aende jikoni.